Wodi Iliyochelewa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitumia kufungulia insha hata pale ambapo hapana ufa wala ukuta. Leo naileta kwa sababu ninaandika kuhusu kuta zenyewe, kuta za matofali na saruji, zilizoinuliwa wakati ufa ulikuwa umekwisha kuwa bonde.

Msomaji mpendwa, utakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, siku ya Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Ilipofika tarehe 27 ya mwezi huo huo kafyu ikaanza: saa moja jioni ikigonga, kila mtu awe kwake. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nyumbani kwetu ni Kamagambo Kaskazini, katika kaunti ya Migori, mwendo wa boda boda kutoka mjini Rongo. Tuliambiwa tungoje, nasi tukangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021, kwa maana waliotangulia kurudi mwezi wa Oktoba walikuwa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao.

Mama hakupenda nikae bure kama gogo. "Enda ukamsaidie shangazi yako," akaniambia. "Yuko peke yake na mbuzi wake. Na baba yako mdogo amepata kazi ya mjengo huko huko, mtaonana."

Shangazi anaishi upande wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Nilipanda matatu kutoka Rongo hadi Rodi Kopany. Abiria tulikuwa wachache, nauli imepanda, kila mtu amefunga mdomo kwa kitambaa. Makanga mwenyewe barakoa yake ilikuwa kidevuni, akiivuta juu alipoona polisi kwa mbali, akiishusha tulipowapita. Kutoka Rodi nilichukua boda boda. Jioni hiyo hiyo, kabla sijala, baba mdogo alinipeleka kuuona ule mjengo kana kwamba ulikuwa wake.

Ulikuwa wodi mpya ya kituo kimoja kidogo cha afya. Jina la kituo nitaliacha, na msomaji akifika mbele ataelewa kwa nini. Msingi ulikuwa umechimbwa kabla ya korona kuingia nchini, na kusudi lake lilikuwa wodi ya kawaida tu, vitanda kumi na kitu, upande mmoja kina mama na upande wa pili wagonjwa wengine. Kituo chenyewe kilikuwa na vyumba vitatu, na mgonjwa aliyehitaji kulala alielekezwa kwenda mbali. Watu walikuwa wameiomba wodi hiyo miaka na mikaka.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga mbuzi asubuhi. Jua lilipopanda nilipeleka maji kwenye mjengo, mtungi wa lita ishirini juu ya wilibaro, safari nne au tano. Malipo yangu yalikuwa kikombe cha uji na ruhusa ya kutazama. Kutazama ndiko nilikotaka. Ewe mwenzangu, kama hujawahi kuona nyumba ikitoka ardhini siku baada ya siku, umekosa jambo. Leo kuna shimo, kesho kuna nondo zimesimama mithili ya miiba ya nungu, keshokutwa kuna sakafu na unaambiwa usikanyage.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Sisi sote tulimwita Fundi tu, hata wale vibarua waliomzidi kimo mara moja na nusu. Alikuwa amejenga shule na makanisa huku na kule, toka Awendo mpaka Mbita, na alitembea na timazi mfukoni kama vile mwalimu anavyotembea na chaki. Hakupenda maneno mengi. Aliyosema yalikuwa ya kazi.

"Kijana, umemwagilia sakafu?"

"Nilimwagilia jana, Fundi."

"Jana si leo. Watu husema zege linakauka. Zege halikauki, hukomaa. Ulinyime maji siku saba za kwanza uone. Litakuwa biskuti."

Kwa hiyo nilimwagilia. Kutoka kwake nilijua kwamba zege la sakafu ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na kwamba mchanga wa mto Kuja lazima uchungwe kwanza kwa sababu huja na udongo. Nilijua pia kwamba mtu anayekuambia ndoo ya saruji yaweza kupunguzwa kidogo "kwa sababu hakuna atakayejua" ni mwizi, tena mwizi wa wagonjwa. Neno hili alilisema siku moja kwa sauti ya juu, naye mwanakandarasi alikuwa amesimama pale pale na koti lake. Nilidhani patawaka moto. Mwanakandarasi akacheka, akaangalia simu.

Jambo lililonishangaza ni madirisha. Yalikuwa makubwa, nusu ya ukuta, na yalitazamana: moja upande huu, lingine upande ule. Nikamwuliza Fundi kama wagonjwa hawataona baridi.

"Wapewe blanketi," akasema. "Hewa iingie huku itokee kule. Ugonjwa wa kifua haupendi nyumba ya namna hiyo."

Hayo aliyajua kutokana na kazi ya zamani, alipojenga mahali pa wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizo redio ilikuwa ikituambia tunawe mikono, na kila duka la Ndhiwa lilikuwa limetundika kibuyu chirizi mlangoni na kipande cha sabuni kwenye uzi. Ulipita muda kabla ya Shirika la Afya Duniani kusisitiza kwamba virusi vya korona husafiri pia hewani, na kwamba nyumba zifunguliwe madirisha. Mzee wetu alikuwa ameyaacha wazi tayari.

Basi ikawa mwezi wa Juni 2020, serikali ikaagiza kila kaunti iwe na vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa wa korona. Kwetu Migori hospitali ya Macalder, huko Nyatike, ndiyo iliyokuwa imetengwa kwa kazi hiyo. Agizo lilipotoka, uvumi ulienea kama moto wa nyika kwamba wodi yetu ya Ndhiwa nayo ni ya korona. Hapakuwa na barua wala tangazo. Lakini ghafla watu wale wale walioiomba kwa miaka wakaanza kuizunguka. Waendeshaji boda boda walipita njia ya chini ili wasiikaribie. Mama aliyekuwa akituuzia uji alihamisha sufuria yake, akasema tukitaka tumfuate, lakini tusimfuate sote kwa pamoja. "Hiyo nyumba ya korona," ndivyo ilivyoitwa, na haikuwa na hata paa.

Baba mdogo alikasirika. Shangazi hakukasirika. Yeye alicheka kicheko kikavu, akasema, "Haya nimeyaona. Jina ndilo limebadilika."

Hapa lazima nieleze habari za shangazi. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike, na ameniambia nisipunguze. Shangazi anaishi na virusi vya UKIMWI tangu kabla sijazaliwa. Mume wake alifariki zamani, siku ambazo watu wa huku walisema marehemu ameuawa na chira, yaani ameadhibiwa kwa kuvunja mwiko. Ugonjwa ulipopewa jina la kijaluo, ayaki, watu walilitamka kwa kunong'ona. Kenya ilimtambua mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka wa 1984. Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Hesabu mwenyewe miaka iliyo katikati, kisha uhesabu makaburi katika boma moja tu la Ndhiwa. Mimi nimehesabu katika boma la shangazi. Ni saba.

Mwaka wa 1996 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, kama ilivyoitwa wakati huo. Mwaka wa 2001 hospitali hiyo ikawa ya kwanza ya umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Shangazi alifika huko miaka michache baadaye, akiwa na uzito wa mtoto wa darasa la tano, amebebwa nyuma ya baiskeli na kaka yake, ambaye ni baba yangu mzazi. Anasema watu waliokuwa kwenye foleni walijificha nyuso kwa leso. Anasema pia kwamba katika mji ule kulikuwa na upande ambao watu hawakupita, kwa kuogopa kuonekana wametoka wapi.

Utafiti uliofanywa Ndhiwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 24 katika kila 100 walikuwa na virusi. Utafiti wa taifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 katika kaunti ya Homa Bay na asilimia 13 Migori, nayo nchi nzima ni asilimia 4.9. Najua takwimu huchosha. Nimeziweka ili mwenzangu anayetoka kaunti nyingine aelewe kwa nini shangazi alisema, "Hii korona ni mgeni. Sisi tumelala na janga nyumba moja miaka ishirini, tunalijua linavyokoroma."

Kilichomsumbua yeye kilikuwa kingine. Akiugua korona, apelekwe wapi? Na dawa zake je? Siku hizo kliniki nyingi zilianza kuwapa wagonjwa dawa za miezi mitatu kwa mara moja ili wasisongamane. Jambo hilo lilimfaa sana. Lakini kila tulipopita mbele ya mjengo alisimama akauliza, "Wamefika wapi?" Nami nikawa mwandishi wake wa habari. Leo wamefika kwenye linta. Leo wameweka fremu za madirisha. Leo hawakuja.

Halafu ikawa "leo hawakuja" kila siku. Mwezi wa Agosti kazi ilisimama. Mwanakandarasi alisema hajalipwa; vibarua walisema wao ndio hawajalipwa, wiki sita. Nani alikuwa na pesa na nani hakuwa nazo sikupata kujua. Niliona tu kwamba yule bwana wa koti aliacha kuja, na simu yake ikawa mteja hapatikani. Baba mdogo alibaki Ndhiwa akichoma makaa. Fundi alirudi kwake, ila kila baada ya siku kadha alikuja kutazama. Alizunguka ukuta, akaweka mkono juu yake, akaondoka. Mvua ilinyesha ndani. Mbuzi wa watu, na wa shangazi wakiwemo, walilala katika chumba ambacho kingekuwa cha kina mama. Fremu mbili ziling'olewa usiku.

Niliporudi nyumbani Desemba nilimsimulia nyanya haya yote. Kwetu tunamwita Dani, kama Wajaluo wengi wanavyomwita nyanya. Dani alinisikiliza akichambua mboga, kisha akasema, "Kwani Lwala mnadhani ilijengwa kwa siku moja?"

Lwala ni kijiji kilicho huko huko kwetu Kamagambo Kaskazini. Hospitali yake nilikuwa nikiiona tangu utotoni, nami nilidhani imekuwepo siku zote, kama vile mlima unavyokuwepo. Kumbe ni ndogo kwa umri kuliko binamu zangu wakubwa.

Mwaka wa 2000 kijana wa hapo, Milton Ochieng', alipata nafasi ya masomo katika Chuo cha Dartmouth huko Marekani. Nafasi ilikuwepo, nauli ya ndege haikuwepo. Ilihitajika takriban dola 900. Wanakijiji waliuza kuku, mbuzi na ng'ombe, wakachanga mpaka tiketi ikapatikana. Dani anasema kuku wake mmoja yumo katika ndege ile, na husema hivyo kwa uso mkavu kabisa hata usijue kama ni mzaha. Mdogo wake Milton, Fred, alimfuata Marekani baadaye. Wakiwa huko ng'ambo, wazazi wao wote wawili walifariki kutokana na UKIMWI. Baba yao, Erastus, alikuwa mwalimu, na alikuwa ametamani sana kijiji kiwe na kliniki. Kabla ya hapo, asema Dani, mgonjwa wa Lwala alisukumwa kwa wilibaro au baiskeli mpaka barabara ya magari, na mama mjamzito vivyo hivyo. Wengine hawakufika.

Wale ndugu wawili waliifuata ndoto ya baba yao. Walizunguka wakiomba kwa wanafunzi na makanisa ya huko Marekani, na kijiji nacho kikashika upande wake. Kliniki ilifunguliwa mwezi wa Aprili 2007, Milton akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Mwaka uliofuata habari zao zilitolewa katika filamu iitwayo Sons of Lwala. Kliniki ilikua ikawa hospitali. Wakunga wa jadi, ambao sisi huwaita nyamrerwa, walifunzwa wakawa wahudumu wa afya wanaotembea boma kwa boma. Korona ilipoingia, mmoja wao ndiye aliyebisha hodi kwetu kutufundisha kuvaa barakoa, naye alikuwa yule yule aliyemzalisha mama aliponizaa.

Nilimwuliza Dani swali lililokuwa likinikera. "Dani, si hao wazazi walikuwa wameshafariki kliniki ikifunguliwa? Si waliochanga kuku wengi wao pia walikuwa wamekufa? Basi iliwasaidia nini?"

Alinitazama kwa muda. "Wewe ulizaliwa wapi?" akauliza.

Nilizaliwa Lwala. Dani akaendelea na mboga zake.

Mimi kwa maoni yangu naona kitanda chaweza kuamriwa kwa barua, hata vitanda 300, lakini hospitali ni kitu kingine. Karibu kila hospitali inayoanzwa kwa sababu ya janga huchelewa kwa janga lile. Huwahi la pili. Zile kliniki zilizojengwa kwa ajili ya ayaki ndizo zilizokuwa na wauguzi waliozoea kuvaa glavu na kutunza siri, na zilikuwa na daftari zenye majina ya watu na vijiji vyao, wakati korona ilipobisha. Lakini neno hilo ni rahisi kulisema ukiwa hai. Halikumsaidia kila mtu, na hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito.

Mwaka wa 2021 kazi ilianza tena Ndhiwa. Mwanakandarasi mwingine aliletwa, na Fundi aliitwa na vibarua wengi wa zamani. Chanjo za kwanza, zaidi ya milioni moja, zilikuwa zimeingia nchini mwanzoni mwa mwezi wa Machi. Baba mdogo alinipigia simu kuniambia mabati yamepanda, mekundu, na kwamba mlingoti wa paa umenyooka "kama mstari wa rula yako". Nilikuwa shuleni, lakini niliuona.

Halafu ikaja ile aina ya virusi iliyoitwa Delta. Mwezi wa Juni 2021 ilishika kando ya ziwa. Tarehe 17 Juni serikali ilitangaza kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na majirani zake kuwa eneo la hatari, Homa Bay na Migori zikiwemo. Kafyu ya huku ikarudishwa saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa na kafyu ya saa nne usiku. Masoko ya mifugo na ya bidhaa zisizo za chakula yakafungwa. Mazishi yafanywe katika saa 72, waombolezaji wasizidi hamsini. Kwa mtu asiyejua desturi zetu, hilo la mwisho ni kama kuambiwa msile. Mjaluo wa umri wa Fundi hulazwa nyumbani kwake, watu wakakesha, ng'ombe wakakimbizwa, wakwe wakaja kutoka mbali.

Fundi alianza kukohoa siku ya Jumatatu. Jumatano alikuwa bado kazini, akipiga plasta ndani ya wodi, maana ilibaki kuta mbili. Baba mdogo alimwambia, "Mzee, pumzika." Akajibu kwamba plasta ikishakorogwa haimngojei mtu. Ijumaa usiku pumzi ilikuwa fupi. Wodi ilikuwa na paa, madirisha na sakafu iliyokomaa vizuri kabisa, naomba uniamini. Haikuwa na kitanda, wala umeme, wala mtungi wa oksijeni, wala muuguzi. Ilikuwa kama hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake.

Walitafuta gari. Kafyu ilikuwa imeanza, na wenye magari waliogopa polisi, na wengine waliogopa mgonjwa. Mwishowe alipatikana kijana mwenye Probox. Baba mdogo alikaa nyuma, kichwa cha Fundi kikiwa begani pake, madirisha yote yamefunguliwa kwa sababu Fundi mwenyewe alionyesha kwa mkono yafunguliwe. Walikuwa wakielekea Homa Bay mjini. Kabla ya kufika Rodi Kopany alikuwa amekata roho.

Hakupimwa. Kwa hiyo hayumo katika ile hesabu ya Wakenya zaidi ya 5,600 ambao serikali ilisema waliuawa na korona. Alizikwa Jumapili. Mimi sikwenda, kwani nilikuwa shuleni, na hata ningekuwa karibu nisingeingia katika wale hamsini. Baba mdogo aliingia, na aliniambia kwamba walipoteremsha jeneza kulikuwa na kimya ambacho hajapata kukisikia katika mazishi ya mtu mzima, hata ndege wa mitini wakasikika. Kisha wakaenda nyumbani kabla ya saa moja.

Nilipofunga shule mwezi wa Julai nilikwenda Ndhiwa kwa siku chache. Nilikuta ukuta mmoja wa ndani umepigwa plasta mpaka katikati. Sehemu ya chini ilikuwa laini kama kioo. Sehemu ya juu ilimaliziwa na mtu mwingine, na hata mimi nisiye fundi niliona mahali mkono ulipobadilika. Baba mdogo akaniuliza kama tuseme wabomoe waanze upya ili ukuta uwe sawa. Nilimwambia sijui. Hakubomoa.

Vitanda vililetwa mwaka uliofuata kwa lori, siku ya kawaida, bila hema wala hotuba. Kafyu ilikuwa imeondolewa tangu Oktoba 2021. Watu walikuwa wameanza kuacha barakoa, na lile jina la "nyumba ya korona" lilikuwa limeanza kusahaulika, ila kwa mama wa uji, ambaye sasa alikuwa amerudisha sufuria yake karibu na lango kuliko mwanzo. Magodoro hayakutosha. Kina mama wa chama kimoja cha sokoni walichanga yakanunuliwa manne. Nilipomsimulia Dani akauliza kama waliuza kuku. Nikamwambia walituma kwa simu. Akasikitika kidogo, nafikiri.

Mgonjwa wa kwanza kulala humo hakuwa wa korona. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kujifungua saa tisa usiku. Alipata mtoto wa kiume, kilo tatu na gramu mia mbili. Muuguzi alifungua madirisha ya pande zote mbili asubuhi, na shangazi, aliyekuwa akipita na mbuzi wake, aliingia ndani kutazama kana kwamba ameitwa.

Siku hizi dawa zake huzichukua hapo. Hapandi tena matatu kwenda Homa Bay, na huenda mchana kweupe, kitambaa kichwani, akiwasalimu watu kwa majina. Wodi ina shida zake. Tangi la maji ni dogo. Umeme hupotea, na taa ya jua iliyowekwa haitoshi chumba kizima. Juzi nilipompigia simu shangazi alilalamika kwamba dirisha la tatu upande wa barabara limeanza kukwama, halifungi vizuri mvua ikinyesha. Baba mdogo ameahidi kwenda kuliangalia Jumamosi. Timazi la Fundi anayo yeye, alipewa na mjane.